Uzinduzi wa Kinu cha Kipuyo

Si zamani, na wala si mbali, ipo nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu za adabu. Ukitaka kuijua, tazama ramani: ni ile iliyopakwa rangi ya kijani ingawa miti imekwisha.

Nchi hiyo ina sheria nyingi nzuri, na iliyo nzuri kuliko zote ni Sheria ya Uzinduzi. Sheria hiyo yasema kwamba kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Daraja laweza kujengwa, likavukwa na watu na punda kwa miaka kumi. Kama hakuna kiongozi aliyesimama mbele ya jiwe, akavua kofia, akasoma kwa sauti maneno yaliyochongwa juu yake, basi daraja hilo halipo, na kila aliyelivuka anahesabika kuwa amezama. Kinyume chake pia ni kweli. Palipo na jiwe lililosomwa, kitu kipo hata kama macho hayakioni, na raia asiyekiona hushauriwa aende hospitali akapimwe macho. Hospitali yenyewe ilizinduliwa mwaka juzi. Iko kwenye jiwe.

Na kila mwaka, tarehe ileile, viongozi hurudi, huvua kofia tena na kulisoma jiwe upya. Wasipofanya hivyo, kitu huisha muda wake, kama leseni.

Ndiyo maana nchi hiyo imeendelea sana.

*

Katika milima ya nchi hiyo kuna kijiji kiitwacho Kipuyo, na Kipuyo kulikuwa na mzee mmoja, Fundi Kapufi, ambaye kwa kutokujua sheria alikuwa ametengeneza umeme. Alichukua mota kuukuu iliyotupwa na mgodi, akapasua mapipa akayafanya mapanga, akayatega kwenye maporomoko ya mto. Maji yakazungusha mapanga, mapanga yakazungusha mota, na waya mmoja ukapita juu ya nguzo kumi na nne za mikaratusi mpaka kwenye zahanati. Pale uliwasha taa tatu, jokofu la chanjo, na mashine ya oksijeni ambayo watawa fulani waliiacha walipohama.

Kwa miaka kumi na mmoja mtambo ule haukuzimika hata siku moja. Hakuna aliyeuzindua. Kwa hiyo, kisheria, Kipuyo hakukuwa na umeme, na ripoti zote za wilaya zilisema hivyo kwa masikitiko.

*

Sasa, kwenye mji mkuu kuna Wizara ya Nishati Tarajiwa. Wizara hii haishughuliki na nishati iliyopo, maana hiyo inachosha na ina lawama. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Lazaro Dumba, alisoma kwenye gazeti ndani ya ndege kwamba mataifa makubwa yanashirikiana na viwanda kutengeneza vinu vya nyuklia vya kisasa, vidogo, vinavyobebeka, vya kizazi cha nne. Aliposhuka kwenye ndege alikuwa na mbia tayari. Walikuwa wamekaa viti jirani.

Mbia aliitwa Bwana Orlandi, mkurugenzi wa Kampuni ya Atomu Njema. Makubaliano ya ubia yalikuwa ya haki kabisa. Serikali ilileta ardhi, barabara, msamaha wa kodi, askari, mahema na vipaza sauti. Kampuni ilileta ujuzi. Ujuzi huo ulikuwa siri ya biashara, kwa hiyo hakuna aliyeonyeshwa. Kwa maneno mafupi, serikali ilileta kila kinachoonekana na kampuni ikaleta kila kisichoonekana, na pande zote mbili zikapeana mikono mbele ya wapiga picha.

Baada ya miezi minane kinu kilifika Kipuyo juu ya lori. Kilikuwa pipa kubwa la bati nene, jeupe, refu kuliko nyumba, lenye ngazi upande mmoja na bendera upande wa pili. Ndani yake mlikuwa na taa mia mbili na feni moja ya kutoa mvumo. Urani yenyewe ingefika katika awamu ya sita.

Wanawake wa Kipuyo walikizunguka mara moja, wakakigonga kwa vidole. Kikalia kama debe.

"Kinu hiki," aliuliza mmoja, "mchi wake uko wapi?"

"Mchi ni awamu ya pili, mama," alijibu Bwana Orlandi, aliyekuwa amefundishwa kujibu kila swali kwa awamu.

*

Siku tano kabla ya uzinduzi, Semeni, binti yake Fundi Kapufi, alijifungua mtoto wa kike miezi miwili kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mzito kama mfuko wa sukari wa kilo moja na konzi ya ziada. Muuguzi Stamili, ambaye ndiye daktari, mkunga na mfagiaji wa zahanati ile, alimwekea mrija mwembamba puani na kumwunganisha na mashine ya oksijeni. Mrija ukiwapo, mtoto alikuwa rangi ya mtoto. Mrija ukitoka, midomo yake iligeuka zambarau.

"Mapafu hayajakomaa," Stamili alimwambia Semeni. "Mpe wiki tatu. Wiki tatu akivuta hewa hii bila kukatika, atakusumbua mpaka uzee wako."

Semeni alimpa jina Tunu, ingawa wazee walisema angoje.

Siku tatu baadaye ikaja barua. Aliileta Bwana Kologwe, Afisa Itifaki wa wilaya, ambaye pia ni mwandikishaji wa vizazi na vifo, kwa kuwa serikali iliona kazi hizo zinafanana. Barua ilikuwa ya Fundi Kapufi, na alisomewa akiwa amesimama:

"Tarehe kumi na nne, saa nne kamili asubuhi, chanzo cha nguvu kisichokuwapo kilichoko Kipuyo kitaondolewa zahanati na kuunganishwa na Kinu, kwa muda wa dakika ishirini, ili Mheshimiwa Waziri awashe atomu."

Fundi alikuna kichwa. "Bwana Kologwe, mna majenereta matatu kwenye lori lenu. Nimeyaona. Kwa nini msiwashe hilo pipa kwa dizeli?"

"Dizeli ina moshi, mzee. Atomu ni nishati safi. Picha ikionyesha moshi, wafadhili watafikiri tunadanganya."

"Nikikataa?"

"Hukatazwi kukataa. Tutauvunja mtambo. Kuvunja kitu kisichokuwapo si kosa."

Fundi akaenda zahanati. Alimkuta Stamili akiosha mikono.

"Ni dakika ishirini tu, mwanangu. Barua ina mhuri."

"Mzee, mhuri hauvuti pumzi."

"Ule mtungi wako wa safari una hewa kiasi gani?"

Stamili aliutazama mtungi mdogo wa oksijeni uliokuwa pembeni, aliokuwa akiuweka kwa wagonjwa wa kupelekwa bondeni. "Umebaki robo. Nikibana sana, saa moja na nusu."

"Basi ni mara nne ya wanachotaka."

"Waziri gani umewahi kumwona akifika kwa wakati?"

"Simjui waziri," alisema Fundi. "Mimi naijua saa. Na wao wameandika saa."

*

Tarehe kumi na nne, saa nne kamili, Bwana Kologwe alipuliza filimbi, na Fundi Kapufi, akiwa na askari wawili mabegani mwake, akauhamisha waya. Zahanati ikanyamaza. Umeme ukaenda ukasimama nyuma ya kitufe chekundu jukwaani, ukimngoja Waziri.

Waziri hakuwapo. Alikuwa nyumba ya wageni ya wilaya akimalizia mbuzi. Lakini ratiba ilisema saa nne, na katika nchi ile ratiba huheshimiwa na wote wasiohitaji gari la msafara.

Ilipofika saa nne na nusu Stamili aliona mshale wa mtungi ukishuka. Alipakia mashine ya oksijeni kwenye toroli, akaweka mtungi juu yake, akasukuma kuelekea mahema. Semeni alitembea kando, amemfunga Tunu kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga mbili. Joto alikuwa nalo. Pumzi hakuwa na ya kugawa; angeweza, angegawa yote.

Kwenye lango la uwanja alikaa Bwana Kologwe na orodha.

"Kadi," alisema bila kuinua macho.

"Sina kadi. Nina mtoto mgonjwa. Nataka tundu la umeme, moja tu," alisema Stamili.

"Mnatoka taasisi gani?"

"Bwana Kologwe, unanijua. Ulileta barua kwetu juzi."

"Juzi nilikuwa nje ya ofisi, dada. Leo niko kazini." Akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mgonjwa, mgonjwa... Ah. Mngesema mapema. Ninyi ni kundi la Wanufaika. Wanufaika wana banda lao, kushoto kwa keki. Lina tundu la umeme, tena jipya."

Kweli, tundu lilikuwapo. Stamili alichomeka plagi. Mashine haikulia.

"Hilo ni la Kinu," alieleza Bwana Kologwe aliyewafuata. "Umeme wake utakuwa halali Mheshimiwa akishabonyeza."

"Na yale majenereta pale yanayonguruma?"

"La kwanza ni la vipaza sauti. La pili ni la keki."

Keki ilikuwa na umbo la kinu, ndefu kama mtoto wa darasa la tatu, imekaa ndani ya jokofu la kioo ili sukari yake isiyeyuke. Nzi walikuwa wamejaa kwenye kioo kwa nje, wakiitazama.

"Na la tatu?"

"La tatu ni akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya la pili."

"Kwa hiyo la tatu halifanyi kazi yoyote."

"Linafanya kazi ya kusubiri, dada, kama sisi sote. Na mashine hiyo haimo kwenye orodha ya vifaa vilivyoalikwa. Nikiichomeka nitaulizwa."

"Nitajibu mimi," alisema Semeni. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Bwana Kologwe alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii, kila mmoja alikuwa na kazi yake. "Mama, wewe huna cheo cha kuulizwa," alisema, akarudi langoni, kwa sababu ving'ora vilikuwa vimeanza kusikika.

*

Waziri alishuka kwenye gari saa tano kasoro robo, mdomo unang'aa mafuta. Kwaya ya Wizara ikaimba shairi lililotungwa na kamati:

Atomu njoo haraka, tumechoka giza hili,
Waziri amekuweka katikati ya jabali,
Mkasi ameushika, utepe haupo mbali,
Hata mawe yatawaka, na sisi tuwe kandili.

Waliliimba mara nne, moja kwa kila kizazi cha nyuklia. Kisha Bwana Orlandi alisimama, akasema anashukuru kwa mazingira bora ya uwekezaji, akakaa. Ilikuwa hotuba nzuri. Haikusema lolote na ilikuwa fupi. Waziri naye akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi, sitasema mengi," alianza, na wazee wa Kipuyo waliojua maana ya maneno hayo wakatafuta mahali pa kuegemea.

Mshale wa mtungi ulikuwa juu kidogo ya alama nyekundu.

"Mataifa mengine yalihangaika na kizazi cha kwanza cha vinu. Nitakieleza." Akakieleza. Akachokonoa jino kwa ukucha, akatazama alichopata, akakirudisha. "Kisha wakaja na kizazi cha pili. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunatafakari. Taifa linalotafakari haliwezi kulaumiwa kwa kukosa taa."

Makofi. Stamili alikaza koki ya mtungi robo ya mzunguko ili hewa idumu. Tunu alikunja uso kama mzee aliyeonja ndimu.

"Wanaotubeza husema hatuna wahandisi. Ndugu zangu, mhandisi ni mtu wa kurekebisha kinachoharibika. Kinu chetu hakitaharibika. Nimehakikishiwa na mbia kwamba hakina kitu chochote ndani kinachoweza kuharibika."

Bwana Orlandi aliinamisha kichwa kukubali, na kwa hilo hakusema uongo.

Stamili aliondoka bandani akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya jukwaa. "Mheshimiwa," alisema, "naomba ubonyeze kwanza, hotuba iendelee baadaye. Kuna mtoto."

Vipaza sauti havikuyachukua maneno yake, kwa kuwa vilielekezwa upande mwingine. Lakini Waziri aliyasikia. Akatabasamu.

"Mnaona?" aliwaambia watu. "Mnaona wanawake wa Kipuyo wanavyoililia atomu? Huyu hawezi hata kungoja nimalize. Mama, uvumilivu ni nishati pia. Nitakuja kwenye kizazi cha nne sasa hivi. Tupo cha tatu."

Askari mmoja alimrudisha Stamili bandani kwa upole, akimshika kiwiko.

Saa tano na nusu mshale ukagusa sifuri. Hewa iliyobaki ndani ya mrija ilitosha pumzi chache. Stamili akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akapuliza kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza kaa la moto asiyetaka lizimike. Alipuliza hivyo dakika ishirini na tano. Semeni alikuwa akihesabu pumzi kwa sauti ndogo, na alipofika mahali fulani aliacha kuhesabu, lakini Stamili hakuacha kupuliza.

Saa sita kamili Waziri akasema, "Kwa hayo machache," akavua kofia, akalisoma jiwe, akabonyeza kitufe. Kidole chake kiliacha alama ya mafuta ya mbuzi juu ya wekundu. Taa mia mbili zikawaka ndani ya pipa, mchana kweupe, na feni ikavuma. Watu wakapiga makofi. Na katika banda la Wanufaika mashine ya oksijeni ikaamka, ikapiga mlio wake mfupi wa kuwa tayari, ikaanza kumpulizia hewa safi mtoto ambaye hakuwa na haja nayo tena.

Mpiga picha wa Wizara aliwahi. Picha ilitoka ukurasa wa mbele siku iliyofuata: mashine ina taa ya kijani, muuguzi amepiga magoti, mama ameinamisha uso. Maelezo chini yake yalisema, "Machozi ya furaha: wakazi wa Kipuyo wakipokea umeme wa atomu."

Keki ilikatwa. Walisema ilikuwa na ladha ya vanila.

*

Kesho yake Semeni na baba yake walikwenda ofisi ya wilaya kuandikisha. Bwana Kologwe, safari hii akiwa mwandikishaji, alifungua kitabu kikubwa.

"Chanzo cha kifo?"

"Kukatwa umeme," alisema Fundi Kapufi.

"Haiwezekani, mzee. Kipuyo hakukuwa na umeme mpaka saa sita ya jana. Kisichokuwapo hakikatwi. Na baada ya saa sita umeme ulikuwapo, nilikuwapo nauona."

"Basi andika hakupata hewa."

"Hewa iko chini ya wizara nyingine." Alisugua macho. "Isitoshe, huyu mtoto hakuandikishwa kuzaliwa. Angekuwa ameandikishwa, ningeweza kumwandika amekufa. Sasa nitamwandika nani? Mtu hawezi kutoka mahali ambapo hakuingia."

"Niliingia naye kwenye banda lenu," alisema Semeni. "Ulituona."

"Mama, niliona Wanufaika," alisema Bwana Kologwe, akafunga kitabu taratibu, kwa heshima, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Siku hiyohiyo kinu kilipakiwa tena kwenye lori. Kilikuwa na uzinduzi mwingine wilaya ya jirani, na baada ya hapo nyingine sita. Pamoja nacho walichukua mota ya Fundi Kapufi, kwa kuwa ilionekana kwenye picha rasmi na kwa hiyo ilikuwa sehemu ya kinu. Mapanga ya mapipa yaliachwa mtoni, yakizunguka bila kuzungusha kitu.

Kilichobaki Kipuyo ni jiwe. Ni la marumaru nyeusi, zito kama ndama, limechongwa jina la Waziri kwa herufi za dhahabu. Sheria inasema atakayelivunja au kulifuta jiwe la uzinduzi atafungwa miaka saba. Haisemi kitu juu ya atakayelihamisha, kwa kuwa waliotunga hawakuwahi kuona raia anayelitaka.

Fundi Kapufi aliisoma sheria ile mara mbili. Kisha akaita vijana sita na magogo ya kuviringishia.

*

Mwaka ukapita. Tarehe kumi na nne Waziri alirudi kulisoma jiwe upya, ili kinu kisiishe muda wake. Bwana Kologwe alikuwa ametangulia asubuhi na zulia jekundu. Hakulikuta jiwe uwanjani. Alilikuta makaburini, limelala kifudifudi, dhahabu imeelekea udongoni, na mgongo wake mweusi umechongwa kwa patasi ya fundi wa vyuma.

Akapiga hesabu. Akiripoti kwamba jiwe limehama, ataulizwa lilihamaje naye ndiye mlinzi wake. Hivyo akafanya kama afanyavyo mtumishi mwenye familia. Alihamisha zulia.

Waziri alitembea juu ya zulia mpaka likakoma. Aliona jiwe, aliona watu wamesimama kimya kulizunguka, akapendezwa na nidhamu yao. Hakuuliza kitu. Alivua kofia. Maofisa kumi na wawili nyuma yake wakavua kofia. Bwana Orlandi, ambaye hakuwa na kofia, aliinamisha kichwa. Na Waziri, ambaye hakuwahi maishani mwake kusoma kitu kabla ya kukisoma kwa sauti, akasoma kwa sauti yake ya jukwaani, iliyofika mpaka mtoni:

"Tunu binti Semeni. Alikuwapo."

Waziri alimgeukia Bwana Kologwe, kofia bado mkononi.

"Tunu ni nani? Ni mradi wa idara gani? Kazinduliwa na nani huyu?"

"Na wewe," alisema Semeni. "Sasa hivi. Sote tumesikia."

Alikuwa amesimama upande wa pili wa jiwe na Muuguzi Stamili, na mikononi alikuwa ameshika kitabu kikubwa cha vizazi na vifo, alichokichukua kwenye gari la wilaya wakati Bwana Kologwe akihangaika na zulia. Akakifungua ukurasa mweupe, akakilaza juu ya jiwe, akaweka kalamu katikati.

"Andika, Bwana Kologwe," alisema. "Anza na kuzaliwa."